Kuwapeleka Watoto Unguja kwa Ndege: Yatangulizeni Haya



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, aali zake na masahaba zake. Amma baad.

Wapenzi wasomaji, juma hili tunaliweka kando somo letu la malezi ili tujibu suala lililotufikia kutoka kwa mama mmoja wa mtaa wa Umoja, hapa Nairobi. Tumeliona ni suala la nyumba nyingi, wala si la nyumba yake peke yake. Mama huyu ana watoto watatu: wa kwanza ana miaka minane, wa pili minne, na kitindamimba ametimiza miezi kumi na mmoja. Mzazi wake yuko Ng'ambo, Unguja. Ni mtu mzima, maradhi yamemlegeza, na mjukuu huyu wa mwisho hajapata kumtia machoni. Mumewe ana duka la nguo Eastleigh na hawezi kulifunga zaidi ya siku nne. Kwa basi hadi Dar es Salaam, kisha boti, siku hizo zote zingeishia njiani. Wakaazimia kwenda kwa ndege katika likizo ya Agosti, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kupanda. Mama anauliza mambo matatu: Je, kutumia fedha nyingi kwa ziara ya siku nne si israfu? Je, watoto wadogo wataweza? Na je, mume akikwama dakika ya mwisho, inafaa yeye aende na watoto peke yake?

Tunaanza na la kwanza, kwa sababu ndilo linalozifungia nyumba nyingi milango ya safari. Kuunga kizazi si anasa. Ni wajibu aliotuwekea Mola wetu, na wazazi ndio wa mwanzo katika wajibu huo. Mzee aliye mgonjwa hangojei mpaka biashara inyooke. Wangapi miongoni mwetu waliahirisha ziara mwaka baada ya mwaka, kisha wakasafiri kwa haraka kwenda kuzika? Fedha inayomfikisha mjukuu mapajani mwa bibi yake akiwa hai haiitwi israfu.

Israfu huingia kwa milango mingine. Huingia pale familia inapokopa kwa riba, au inapochota mikopo ya simu inayoongezeka kila siku, ili ionekane nayo imepanda ndege. Huingia pale karo ya muhula ujao inapogeuzwa tiketi. Huingia pia kwa nguo mpya za safari na zawadi za kumridhisha kila jirani. Kwa hivyo tunashauri mume na mke waketi na daftari kabla ya kulipa hata shilingi moja, waandike kila gharama: pasipoti, chanjo, tiketi, teksi ya kwenda na kurudi, chakula, zawadi kidogo, na akiba ya dharura. Ikiwa hesabu inazidi uwezo, safari isogezwe hadi likizo ya Disemba, na chama cha akina mama kiwe njia ya kuweka akiba polepole. Kusogeza safari kwa miezi minne ni bora kuliko kurudi nyumbani na deni la miezi kumi na miwili.

Safari hii haina ugeni mkubwa kwetu. Wazee wetu walikwenda Unguja na kurudi kwa majahazi, wakingoja kaskazi na kusi, na safari ya kufuata upepo haikuwa na tarehe ya kurudi. Leo mwendo wa kilomita kama 600 kutoka Nairobi hadi Unguja huchukua chini ya saa mbili hewani. Sisi wa Eastlands tumeishi na ndege tangu zamani. Kabla ya mwaka 1958 wageni wakubwa wa Nairobi waliteremkia uwanja wa Eastleigh, ambao baadaye ukawa kambi ya jeshi la anga. Mwaka huo ndipo ulipofunguliwa uwanja wa Embakasi, uliojengwa kwa jasho la mahabusu wa enzi za Mau Mau, na ndio tunaouita leo Jomo Kenyatta. Watoto wa Donholm, Pipeline na Utawala huziona ndege zikishuka kila siku juu ya paa zao. Hata hivyo, wengi wao hukua wakidhani chombo kile ni cha watu wengine.

Elimu nayo imetuunganisha na Unguja. Sheikh Abdulla Saleh Farsy, mzaliwa wa huko, ndiye aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya tangu mwaka 1968, na tafsiri yake ya Qur'ani kwa Kiswahili ilitolewa hapa hapa Nairobi mwaka 1969. Mtoto anayepelekwa Unguja anapelekwa kwa ndugu zake.

Karatasi kwanza, tiketi baadaye

Tukija kwenye suala la pili, jibu letu ni kwamba watoto wataweza, ikiwa wazazi watajiandaa. Maandalizi huanza na karatasi, si na mabegi.

Wako wanaodhani kwamba kitambulisho cha taifa kinatosha kwa kuwa tumo sote katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Makubaliano ya kusafiri kwa kitambulisho yaliyoanza mwaka 2014 ni ya Kenya, Uganda na Rwanda. Tanzania haimo. Mkenya haombi viza kwenda Tanzania, lakini pasipoti anaihitaji, nayo iwe na uhai wa miezi sita au zaidi. Na kila mtoto ana pasipoti yake mwenyewe, hata aliye kifuani. Tumewahi kuona familia ikigawanyika mlangoni mwa uwanja, baba akaendelea na mama akarudi nyumbani na mtoto mchanga, kwa sababu walidhani kuwa mtoto mdogo husafiri kwa jina la mamake.

Maombi ya pasipoti hufanywa katika tovuti ya eCitizen, kisha muombaji huenda kwa siku aliyopangiwa, mtoto akiwa pamoja naye, kupigwa picha na kuonyesha asili za karatasi zake. Kwa Nairobi mahali penyewe ni Nyayo House. Mtoto atahitaji cheti cha kuzaliwa, vitambulisho vya wazazi na idhini yao. Anzeni miezi mitatu kabla, wala msimpe fedha mtu yeyote wa kando anayejigamba kuwa ana mkono ndani. Malipo yote hupita katika tovuti, na kutoa rushwa ili upate haki yako haraka kuliko mwenzako ni dhulma kwa huyo mwenzako.

Hapa kuna jambo linalotuhusu Waislamu zaidi ya wengine, nalo ni majina. Mtoto amezaliwa hospitali ya Pumwani, karani akaandika Hadija. Shuleni akaandikwa Khadija. Babake ni Mohamed katika kitambulisho, Muhammad katika cheti cha ndoa, na Mohammed katika pasipoti. Kwetu majina hayo yote ni mtu mmoja. Kwa afisa wa uhamiaji na kwa kompyuta ya shirika la ndege hao ni watu watatu. Zitandazeni karatasi zote juu ya meza, mzisome herufi kwa herufi, na penye tofauti rekebisheni mapema, maana kurekebisha cheti cha kuzaliwa huchukua muda. Kisha tiketi ikatwe kwa jina lile lile lililo katika pasipoti. Familia za Pumwani na Eastleigh zinajua kwa uzoefu mchungu namna herufi moja inavyoweza kumfanya mwananchi aulizwe asili ya babu yake. Msiwape sababu ya kuuliza.

Mama zetu wanaovaa hijabu wasiwe na wasiwasi wa picha: hijabu inakubaliwa maadamu uso unaonekana wote. Avaaye nikabu ajue kuwa ataombwa kufunua uso mbele ya afisa wa uhamiaji, na ni haki yake kuomba kwa upole afisa mwanamke.

Sindano ya homa ya manjano

Karatasi nyingine inayosahauliwa ni cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Tanzania hukitaka kwa msafiri mwenye umri wa mwaka mmoja na zaidi anayetoka nchi zenye hatari ya ugonjwa huo, na Kenya ni mojawapo. Chanjo hii haimo katika zile za kawaida anazopewa mtoto wa Nairobi kliniki, hivyo msidhani kuwa kitabu chake kilichojaa mihuri kinatosha. Hutolewa kuanzia miezi tisa, na cheti huanza kuhesabiwa baada ya siku 10. Aliyechanjwa juzi na anayesafiri leo hana cheti machoni mwa sheria. Jambo la kufurahisha ni kuwa tangu Julai 2016 cheti hicho hudumu maisha yote. Mkikilipia mara moja, mmemaliza.

Mtazame mtoto wa muulizaji wetu. Leo ana miezi kumi na mmoja, na ikifika Agosti atakuwa ametimiza mwaka. Basi naye anaingia katika sharti. Achukuliwe na kitabu chake cha kliniki, muuguzi aone chanjo nyingine alizopata na apange siku inayofaa. Mama mwenye mimba, au anayenyonyesha mtoto wa chini ya miezi tisa, asijipange foleni kabla ya kuzungumza na daktari, kwani chanjo hii kwa hali zake ina mashauri maalumu.

Jambo la bima nalo liulizwe. Tangu Oktoba 2024 Zanzibar imeweka bima ya lazima kwa wageni. Kabla ya kulipa tiketi, shirika la ndege liulizwe masharti ya siku hiyo kwa raia wa Kenya, na jibu lipatikane kwa maandishi. Masharti ya safari hubadilika, na maneno ya jirani aliyekwenda mwaka juzi si hoja.

Siku, saa na tiketi

Mtoto wa chini ya miaka miwili hukaa mapajani kwa nauli ndogo, akafungwa mkanda wake unaounganishwa na wa mzazi. Akitimiza miaka miwili analipiwa kiti. Tahadharini na mtoto anayetimiza miaka miwili baina ya kwenda na kurudi, kwani kwa kurudi atahitaji kiti chake. Chagueni ndege iendayo moja kwa moja hata ikiwa ghali kidogo. Akiba inayopatikana kwa kubadilisha ndege usiku wa manane na watoto watatu haifai taabu yake.

Saa ya ndege nayo ina hukumu zake. Kutoka Umoja hadi uwanjani si mbali, lakini barabara ya Outer Ring jioni huweza kumla mtu saa nzima. Safari za nje hutaka mtu awe uwanjani saa tatu kabla. Kwa familia yenye watoto tunapendelea ndege ya asubuhi iliyochelewa kidogo: mtasali Alfajiri nyumbani, watoto watapata kifungua kinywa, na mtafika Unguja Adhuhuri ikiwa na wasaa.

Mkoba wa mama

Begi kubwa liwe jepesi. Unguja kuna nguo na kuna sabuni. Mkoba unaokwenda nanyi ndani ya ndege ndio wa kufikiriwa. Tieni nepi za kutosha mara mbili ya mnavyodhani, nguo moja ya ziada kwa kila mtoto, na baibui au kanga ya ziada kwa mama, kwani mtoto akitapika hamtapikii yeye mwenyewe tu. Tieni pia kitambaa cha kufuta, biskuti zisizomwagika, na dawa alizoandika daktari zikiwa katika chupa zake zenye majina. Vimiminika vya kawaida katika mkoba wa mkononi havizidi mililita 100 kwa chupa, lakini maziwa na chakula cha mtoto mchanga huruhusiwa kwa kiasi kinachohitajika njiani. Mwonyesheni mkaguzi bila kungoja aulize.

Msifunge chochote katika mifuko ya plastiki. Hapa Kenya imepigwa marufuku tangu Agosti 2017, Tanzania Bara tangu Juni 2019, na Zanzibar iliitangulia nchi hizo zote. Nepi zilizotumika zina mfuko wake wa kitambaa, na kanga ya zamani inatosha kufungia viatu.

Mlangoni hadi hewani

Wakati wa kuingia Jomo Kenyatta, teksi huweza kusimamishwa getini kwa ukaguzi. Waambieni watoto mapema ili aliyelala asiamshwe kwa mshtuko. Wale wakubwa waelezeni kila hatua tangu nyumbani: tutavua viatu, mkoba utapita ndani ya mashine, afisa atatutazama nyuso zetu. Wafundisheni pia kuwa uwanjani hatufanyi mzaha wa bomu wala silaha. Mtoto anayejua linalokuja halii. Mama ana haki ya kukaguliwa na mwanamke, na akitaka faragha aombe chumba.

Wagawane kazi kabla ya kufika. Baba ashike pasipoti zote na tiketi katika mfuko mmoja wa shingoni. Mama ashike mtoto mchanga. Yule wa miaka minane apewe amana ya kumshika mkono mdogo wake. Andikeni namba ya simu ya baba katika karatasi, mkaitia mfukoni mwa kila mtoto. Mtoto aliyepotea katika umati husahau hata jina la mtaa wake.

Hofu kubwa ya akina mama ni masikio. Ndege inapopanda, na zaidi inapoteremka, hewa ndani ya sikio hubanwa na mtoto huhisi maumivu. Dawa yake ni kumeza. Mchanga anyonyeshwe au apewe chupa wakati huo, si kabla. Wa miaka minne apewe maji ya kunywa kidogo kidogo. Mkubwa atafune kitu au apige miayo. Kuteremka huanza kama nusu saa kabla ya kutua, hivyo msimnyonyeshe mtoto akashiba katikati ya safari, mkabaki bila silaha mwishoni. Mtoto mwenye mafua makali au maumivu ya sikio aonwe na daktari kabla ya kupanda.

Na kama atalia, atalia. Abiria wengi wamelea. Mzazi asimchape mtoto kwa kuona haya mbele za watu. Ambembeleze, amsomee, ampitishie mkono mgongoni. Kabla ya hapo, ndege ikianza kukimbia, familia nzima isome dua ya kupanda chombo inayotokana na Suratu Zukhruf. Mfundisheni mtoto wiki mbili kabla, ili siku hiyo yeye ndiye awasomee. Hofu yake itageuka kuwa kazi.

Sala ya msafiri

Tunaulizwa sana kuhusu sala. Kwa madhehebu yetu ya Imamu Shafi, safari hii inavuka kwa mbali masafa ya kukusuru, na Adhuhuri, Alasiri na Isha husaliwa rakaa mbili mbili. Ruhusa hiyo huanza mtu anapouacha mji wake. Uwanja wa Jomo Kenyatta umo ndani ya jiji, kwa hivyo sala itakayowakuta pale isalini kamili, na ulizieni chumba cha sala mapema.

Mkifika Unguja, hesabuni siku. Anayenuia kukaa siku nne kamili, bila ya kuhesabu siku ya kuingia na ya kutoka, amekuwa kama mkazi na atasali kamili tangu alipofika. Anayenuia chini ya hapo anaendelea na ruhusa ya msafiri, akitaka ataikusuru, na ataweza kukusanya Adhuhuri na Alasiri, Magharibi na Isha. Kwa mama mwenye watoto watatu ruhusa hii ni rehema, wala asione haya kuitumia. Ila akisali nyuma ya imamu mkazi, atasali kamili pamoja naye.

Mume akikwama

Sasa suala la tatu. Asili ya jambo katika madhehebu yetu ni kwamba mwanamke asisafiri safari isiyo ya faradhi bila ya mume au maharimu wake, na mtoto wa miaka minane hatoshi kuwa maharimu. Wako wanavyuoni, wa kale na wa leo, waliolegeza pale njia inapokuwa ya amani na pana wenzi waaminifu, na baadhi ya wa leo wameitazama ndege kwa jicho hilo. Sisi hatupendi jambo hili liamuliwe uwanjani na simu mkononi. Ushauri wetu kwa muulizaji ni huu: tangu leo kaka yake au ami wa watoto aandaliwe pasipoti na chanjo, awe tayari kushika nafasi ya mume. Akikosekana, sogezeni tarehe. Na hali ikiwa ya dharura, mzazi akiwa mahututi, basi amuulize kadhi au mwanachuoni anayeijua nyumba yake, apate jibu la hali yake yeye.

Upande wa serikali nao una neno. Mzazi mmoja akisafiri na watoto, ni hekima awe na barua ya idhini ya mzazi wa pili, iliyothibitishwa na wakili, pamoja na nakala za vyeti vya kuzaliwa. Familia nyingi za mitaa yetu zina baba anayefanya kazi Ghuba. Kwao barua hiyo ni lazima iandaliwe akiwa likizoni nyumbani, kwa maana kuipata kutoka Doha au Muscat katika juma la mwisho ni tabu.

Mkishafika

Saa za Unguja ni zetu zile zile, lakini hali ya hewa si yetu. Mtoto wa Nairobi amezaliwa nyanda za juu. Joto la pwani humchosha na maji humwishia mwilini upesi. Siku ya kwanza iwe ya kupumzika kwa bibi, kunywa maji mengi na madafu, bila ya matembezi ya jua kali. Malaria imepungua sana Unguja, lakini haijaisha, na mtoto wa Nairobi hana kinga. Laleni ndani ya chandarua, na homa yoyote itakayomshika mtoto hata baada ya kurudi, mwambieni daktari kwamba alikuwa Unguja.

Siku nne si za kuona kila kitu. Mlikwenda kwa ajili ya mzee, basi saa zilizo nzuri ziwe zake. Jioni moja wapelekeni watoto Forodhani. Siku moja, nguvu zikiruhusu, nendeni kusini hadi Kizimkazi, wakauone msikiti wenye maandishi ya Kikufi ya mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107 kwa hesabu ya Miladi. Mtoto wa Eastlands anayesikia shuleni kwamba dini yake ililetwa juzi na wafanyabiashara, na aguse kwa mkono wake ukuta wa kibla uliochongwa zaidi ya miaka mia tisa iliyopita. Njiani mtapita msitu wa Jozani, na kima punju watawafurahisha.

Wafundisheni adabu za ugenini: kuamkia wakubwa kwa shikamoo, kuvaa kwa stara mjini, kutopiga picha nyumba za watu wala wanawake bila ruhusa. Wafundisheni pia kutodharau lafudhi. Sisi wa Nairobi tumezoea kukata maneno, na watoto watachekwa kidogo. Acheni wachekwe, wajifunze. Kiswahili watakachorudi nacho baada ya siku nne kwa bibi yao ni zawadi ambayo haina uzito katika begi.

Zawadi za kurudi nazo ziwe ndogo: karafuu kidogo, halua, ukili wa kufumia. Wala wenyeji msiwatwishe gharama. Mgonjwa anayetembelewa na watu watano ana haja ya msaada jikoni, kwa hivyo baba akanunue samaki Darajani na mama apike. Ziara ya mgonjwa inayomwacha mwenye nyumba na deni imepoteza sehemu ya thawabu zake.

Kwa muulizaji wetu, na kwa kila nyumba iliyo na mzee upande wa pili wa bahari, neno letu ni kwamba msingoje utajiri. Anzeni juma hili kwa kuvitoa vyeti vya watoto mkavisoma majina. Kazi hiyo haina nauli, na ndiyo hatua ya kwanza ya safari.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu awarefushie wazee wetu umri katika afya na ucha Mungu, awahifadhi watoto wetu nchi kavu, baharini na hewani, na azijaalie safari zetu ziwe za kuunga, si za kukata. Amin.

Wabillahi tawfiq, wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.